Siga Nzito Si Siga Kali

Neno "kali" linatuponza. Pilipili ni kali, jua ni kali, kisu ni kikali, na mtu aliyevuta siga ikamtoa jasho atakwambia vilevile: "Kali hiyo!" Hapo anadhani ameisifu. Nazungumzia siga yenyewe, ile nono ya majani matupu yaliyoviringwa kwa mkono, isiyo na karatasi wala kichungi. Kwangu mimi siga ya daraja la juu hupimwa kwa uzito wake. Ukali ni kitu kingine, na mara nyingi ni dalili ya ubovu.

Mtu wa Mombasa hana haja ya kufundishwa tofauti hiyo, maana ameinywa tangu utotoni. Kahawa iliyozidishwa tangawizi ni kali: inawasha koo, ikishuka imekwisha. Lakini ile tungu iliyokaa juu ya makaa tangu alasiri, ikachemka polepole ndani ya dele, hiyo ni nzito. Kikombe chenyewe ni kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili, lakini unaondoka barazani nayo mdomoni na unafika nyumbani bado ipo.

Jumamosi usiku nilikwenda kwa ami yangu, Mji wa Kale, na siga mbili za kampuni ya Padrón, za aina iitwayo 1926. Tuliketi juu ya nyumba yake penye upepo, kwa kuwa sheria ya mwaka 2007 hairuhusu kuvuta mahali pa umma, na nadhani ni haki. Mwanzilishi wake, José Orlando Padrón, alizaliwa Kuba mwaka huo wa 1926, akaanzisha kazi yake Miami mwaka 1964, kisha viwanda vikawa Estelí, Nikaragua. Tumbaku ya siga hizi ni ya Nikaragua tupu, na huachwa itulie miaka 5 au zaidi kabla haijaviringwa. Hiyo miaka ndiyo makaa ya dele.

Nguvu ya siga kama hii hutoka kwenye majani ya juu kabisa ya mmea, yanayokula jua kuliko mengine na kuchumwa mwisho. Ni manene, ya mafuta, yanaungua polepole, kwa hiyo mviringaji huyaweka katikati kabisa. Wenyewe huyaita ligero, na kwa Kihispania neno hilo maana yake ni "jepesi". Basi hata wao lugha imewacheza!

Kabla ya kuwasha, kata kichwa cha siga, ile ncha iliyofungwa ya kutia mdomoni, uivute ikiwa baridi. Hii ilinipa zabibu kavu na harufu ya makubadhi mapya. Mivuto ya kwanza ilikuwa pilipili manga tupu, na hapa ndipo wengi hutoa hukumu yao. Mimi naona ni mapema mno. Siga hubadilika kadiri moto unavyosogea, na nzito hujitambulisha ikifika theluthi ya pili. Yetu ilifika hapo baada ya kama dakika 20. Pilipili ikarudi nyuma, ikaja kakao chungu, halafu utamu wa sukari guru iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Jivu lilikuwa limeshikana, urefu wa kiungo cha kidole, halijaanguka.

Kipimo changu ni pua. Moshi wa siga haushushwi mapafuni, unazungushwa mdomoni, kisha kiasi kidogo unakitoa puani taratibu. Tumbaku isiyoiva itakuchoma hapo hapo, pengine na harufu ya amonia kama choo kisichomwagwa maji. Hii ilipita puani na mdalasini, bila kuwasha. Nilimtazama ami. Alikuwa baharia, kiko amekivuta miaka mingi, na si mtu wa kusifu.

"Ami, waionaje?"

Alikaa kimya mivuto miwili mizima. "Hii si kali, mwanangu. Hii ina uzito."

Nilifurahi sana, maana sikuwa nimemwambia neno.

Nimelishika jambo hili kwa sababu limewahi kuniumiza. Februari moja, kaskazi ikivuma na joto limepita nyuzi 30, nilinunua siga ya bei kubwa kwenye duka moja la hapa mjini. Ilikuwa wazi juu ya rafu ya kioo, chini ya taa. Siga hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na hewa yetu mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo ilikuwa imevimba, kuivuta ni kama kunyonya uji wa jana kwa mrija. Ikaungua upande mmoja. Ubavuni niliona kitundu kama cha ncha ya sindano: mdudu wa tumbaku, ambaye mayai yake huanguliwa kwenye joto. Niliporudi kulalamika, muuzaji alinijibu, "Bosi, hii ni kali, ndivyo zilivyo." Neno lilelile. Limeficha ubovu mwingi.

Siku hizi siga zangu hukaa kwenye kopo linalofunga kabisa, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65, na mpya huzigandisha siku tatu kwanza ili mdudu afe. Pia sivuti nzito kwa tumbo tupu. Tulikuwa tumekula pilau, na haluwa ilikuwa kando, kwa sababu nikotini ikikuzidi kichwa huzunguka na kitu kitamu husaidia. Wala sijidanganyi kuwa ni salama: tumbaku huleta saratani ya mdomo na koo hata usipomeza moshi. Ndiyo maana navuta chache mno kwa mwaka, na ndiyo maana sitaki hata moja iwe mbovu.

Tulikunywa kahawa tungu bila sukari, wala hatukuhitaji kingine. Theluthi ya mwisho ilipoanza kuchoma midomo tuliziacha zizimike zenyewe. Alfajiri, nilipoamka na kunywa maji kabla ya mswaki, kakao ilikuwa bado ipo.