Bei haishuki hata tukiacha kukopi
Mwandishi wa makala, eti programu za uhandisi ni ghali kwa sababu sisi huku tunatumia kopi za kukrakiwa, yaani za wizi zilizovunjwa kufuli, tukiacha bei itashuka, hapo umenichekesha. Mi nachora ramani za nyumba hapa Kampala miaka mingi, AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, zamani ulikuwa unanunua mara moja basi ni yako, 2016 Autodesk wenye programu hiyo wakaacha kuuza laiseni za kudumu sasa ni kulipa kila mwaka, na mwaka mmoja ni kama dola 2,000, sasa mteja wa Mukono anayetaka vyumba vitatu na anabageni mpaka mwisho nitamtoza ngapi? Bei iko juu kwa sababu wanunuzi ni wachache, programu ya kupiga hesabu ya nguzo na zege haiuzwi kama ya kuandikia barua, na walioitengeneza wanalipwa mishahara ya Marekani siyo ya Uganda. Halafu mtu wa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, anayetumia kopi ya flashi hangenunua ile ya kulipia hata kidogo, kwa hiyo Autodesk wamepoteza nini? Tena ndo anavyoizoea, siku akiajiriwa kampuni kubwa ataomba hiyohiyo inunuliwe. Anayeumia kweli ni kijana wetu, namjua mmoja aliunda programu ya kurekodi karo, akaiuzia shule moja, mwezi haujaisha imekopiwa iko kwenye shule tano na hajaona hata shilingi. Wenzangu mnaochora, kuna aliyehamia FreeCAD, programu ya kuchora ya bure, akaweza kweli kazi ya mteja?