Jengo Bado Limesimama

Wiki iliyopita nililipiwa semina ya maadili ya kitaaluma. Siku mbili, ukumbi wenye kiyoyozi cha kugandisha samaki, sambusa saa nne, wali kuku mchana. Siku ya pili mwezeshaji akatuwekea ukutani safu mbili: kushoto WAJIBU na picha ya mwanafalsafa Kant na wigi lake, kulia MATOKEO na picha za wanafalsafa wengine, Bentham na Mill. Akatuambia, kwa sauti ya mtu anayetuzibua masikio, kwamba mtaalamu wa kisasa haongozwi na "usifanye, usifanye" kama mtoto wa chekechea. Anapima faida na hasara, anachagua lenye manufaa kwa wengi. Watu wakapiga makofi. Jirani yangu, mhasibu, akaandika "manufaa kwa wengi" na kupigia mstari mara mbili. Nikajisemea, ee Mungu, na huyu ndiye anayeshika vitabu vya watu.

Mimi sikupiga makofi.

Mimi ni mhandisi. Mwaka wangu wa pili kazini niliwekwa kusimamia jengo la ghorofa tatu. Utaratibu ni huu: siku ya kumwaga zege unajaza sampuli kwenye vyombo vya chuma, milimita 150 kila upande, zikishikamana unaziloweka, na siku ya 28 unazipeleka kwenye mashine zikapondwe. Michoro ilitaka zege lihimili nyutoni 25 kwa kila milimita mraba. Nilisimama pale mashineni mwenyewe. Sampuli ya kwanza haikutoa ule mlio wa zege zuri linapopasuka. Ilimeguka taratibu kama boflo la juzi, mshale ukakomea 17. Ya pili 18. Ya tatu 17 tena. Nilirudi saiti na karatasi mfukoni, nikakuta mafundi wameshafunga nondo za nguzo za juu na mmoja anaimba.

Bosi wangu hakunifokea. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye balaa. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa akaniambia, "Mdogo wangu, hebu tufikirie wote." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Tukisimamisha kazi, vibarua arobaini wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye jengo benki inamkaba koo. Kampuni inapoteza kazi ya pili iliyokuwa inakuja. Na upande wa pili kuna nini? Zege linazidi kukomaa, aliyechora huwa anajiwekea akiba ya usalama, na huenda sampuli zenyewe zilishindiliwa vibaya. "Sasa niambie, nani anaumia?"

Tungeweza kutoboa zege lenyewe, tukatoa vipande tukapima upya. Ingechukua wiki moja, pengine mbili. Lakini yeye alikuwa na majina, mimi sikuwa na jina hata moja. Nikasaini kwamba zege limefika.

Na jengo bado limesimama. Mwaka wa kumi na moja huu. Chini kuna saluni na duka la vipodozi, juu wapangaji wanaanika nguo. Vibarua walilipwa, mkopo ukaisha. Kwa mizani ya mwezeshaji wetu mimi ni mtaalamu wa kupigiwa mfano, nastahili sambusa ya ziada. Mbona basi kila nikipita mtaa ule navuka barabara?

Najua nitakachojibiwa: tunapima matokeo yanayotarajiwa, hatupimi yaliyotokea kwa bahati. Sawa. Vitabuni. Ila mimi sijawahi kumwona mtu akiyapima hayo kwa haki saa kumi na moja jioni, gari la zege limeegeshwa getini na simu ya mwenye mali inaita. Mizani yenyewe haina kosa. Kosa liko kwa mkono unaoweka mawe. Walio karibu, wenye sura, wenye ankara, wanawekwa wa kwanza. Yule atakayepanga chumba miaka sita ijayo hana namba ya simu, kwa hiyo hana uzito. Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapa Dar, liliporomoka likaua watu 36. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakicheza mpira jirani. Sitaki kujifanya hakimu wa kesi ile. Nauliza tu, mtoto anayepiga danadana upande wa pili wa ukuta huingia kwenye hesabu ya nani?

Halafu kuna jambo baya zaidi: matokeo mazuri yanadanganya. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, waliwaambia NASA, shirika la anga la Marekani, kwa simu wasirushe kesho yake, kwa sababu baridi ingeikakamaza mipira inayoziba maungio. NASA hawakupendezwa. Thiokol wakaomba wajadiliane pembeni, na hapo bosi mmoja, Jerald Mason, akamwambia mkuu wa uhandisi, Robert Lund, avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akavua. Asubuhi chombo kikaruka kwa sekunde 73. Wakafa watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule.

Kila mtu anakumbuka ile kofia. Mimi nakumbuka kwamba katika safari za nyuma ile mipira ilishaonekana imeliwa na moto, na chombo kikarudi salama. Kila kilivyorudi salama, watu wakazidi kuzoea. Jengo bado limesimama, si unaona? Allan McDonald, mtu wa Thiokol aliyekuwa Florida, kulikorushiwa chombo, alikataa kutia saini ya kuruhusu kirushwe. Mkubwa wake aliyekuwa Utah akaitia badala yake, karatasi ikaenda kwa faksi. McDonald hakuwa na uthibitisho kwamba kitalipuka. Alijua tu kwamba saini yake ina maana "nimeridhika", na yeye alikuwa hajaridhika. Mimi sikujua hilo, na nilishaitwa mhandisi.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanirukia. Wajibu nao ni maficho mazuri ya wavivu na waoga. Nani asiyekumbuka majeruhi anavuja damu mapokezini huku anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi? Aliyeuliza alikuwa anatimiza utaratibu, moyo wake mweupe. Na Kant mwenyewe alishikilia kwamba hata muuaji akikubishia hodi kumuulizia rafiki yako, usimwongopee. Mzee alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Hapo simfuati.

Ila kwenye saini namfuata. Saini si mahali pa kupimia faida za watu arobaini. Unaulizwa swali moja: zege limefika au halijafika?

Jumamosi mke wangu alisema shoga zake wamemsifia saluni moja, wanasuka vizuri na bei zao poa. Akanitajia mtaa. Nikamwambia pale wanasuka ovyo, wanakata nywele. Akashangaa nimejuaje.