Ndizi Hazikugusa Maua

Ua la karnesheni hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuning'iniza maua darini. Mteja anakunja uso ukilitaja, kisha dakika hiyohiyo anaagiza wingu la maua juu ya meza ya maharusi, lililojaa bila tundu hata moja, likae kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane bila kunywa maji. Waridi halitaweza kazi hiyo. Karnesheni linaiweza, tena bila kulalamika. Mradi ndizi ziwe mbali.

Wingu la harusi hii lilikuwa na urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1. Karnesheni zikibanana vizuri, mita 1 ya mraba hula vichwa 250 hivi, kwa hiyo hesabu ilifika 600. Fremu ilikuwa ya bomba jembamba la alumini, imevikwa wavu wa kuku matabaka mawili yaliyoachana kwa sentimita 8. Tabaka la kwanza hukishika kikonyo, la pili hukizuia kisiyumbe. Ukiweka tabaka moja tu, kila ua linageukia upande linaoupenda lenyewe, na wageni wanaanza kutazama waya badala ya maharusi.

Maua yaliletwa kwa mafungu mawili, kwa sababu mkulima mmoja hakuwa na 600 za rangi ile. Fungu la kwanza lilikuwa la vikonyo 400, la pili 200. Yote yalipata huduma ileile: majani ya chini yanatolewa, kikonyo kinakatwa kwa mshazari sentimita 2 au 3, katikati ya vifundo. Ukikata kwenye kifundo chenyewe hunywa kwa shida. Kisha maji ya uvuguvugu yenye chakula cha maua, siku nzima kwenye joto la kawaida ili vichwa vifunguke, halafu chumba cha baridi cha ukumbi, nyuzi 3 za Selsiasi. Nilibandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: MAUA YA HARUSI. TAFADHALI USIGUSE. Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa kimepangwa, na mpishi mkuu wa ukumbi alipita akasoma karatasi, akatikisa kichwa kwa heshima.

Jumamosi saa 12 asubuhi msaidizi wangu alitangulia kufungua. Akarudi mbio.

"Dada, njoo uone. Mengine yamelala."

"Yameinamisha shingo?"

"Hapana. Yamesimama wima, lakini yamefumba."

Hapo ndipo tumbo lilipoanza kuniuma. Ua lenye kiu linainamisha shingo, petali zinalegea, na ukilikata upya na kulipa maji linaamka baada ya saa chache. Hilo ni tatizo la asubuhi ya kawaida. Lakini karnesheni likisimama kikakamavu, kikonyo kigumu, huku petali zimejikunja kwa ndani kama mwavuli uliofungwa, hilo halina kiu, limezeeka usiku mmoja. Hakuna maji wala sukari wala maombi yatakayolifungua. Msaidizi alikuwa tayari anayanyunyizia maji na kuyabembeleza. Nilimwachia ayabembeleze, maana mimi pia nilitaka kubembelezwa.

Cha ajabu, fungu la vikonyo 400 lilikuwa limechanua vizuri kabisa. Ndoo kwa ndoo, bega kwa bega, chumba kimoja, maji mamoja: hizi zinacheka, zile 200 zimelala fofofo. Nikavuta pumzi nifikiri, na pua ikanipa jibu kabla ya ubongo. Chumba hakikuwa kinanukia maua. Kilinukia ndizi mbivu. Nyuma ya ndoo, zimepangwa kwa nidhamu hadi darini, kulikuwa na kreti 8 za ndizi, na pembeni maparachichi yaliyokaribia kuiva. Kidhibiti joto kilisoma nyuzi 14.

Mpishi mkuu alikuja akifuta mikono kwenye aproni.

"Kaka, nani amepandisha joto humu?"

"Mimi, fundi. Ndizi chini ya nyuzi 13 ngozi inakuwa nyeusi. Ungependa nipeleke ndizi nyeusi mezani?"

Tatizo ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ndizi ni tunda la nchi za joto, na baridi ya chumba cha maua huiunguza ngozi. Kwa upande wa ndizi, mtu huyu alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Kwa upande wa karnesheni alikuwa amejenga jiko la kuzeesha maua.

Ndizi inapoiva hutoa gesi ya ethilini, isiyo na rangi. Kwa tunda gesi hiyo ni amri ya kuiva. Kwa ua ni amri ya kufunga kazi. Sehemu 1 ya ethilini katika milioni 1 za hewa, kwa muda wa siku 1, inatosha kulilaza karnesheni. Likishapokea amri hiyo, linaanza kutengeneza ethilini yake lenyewe na kumpelekea jirani, na ndiyo maana hakuna kurudi nyuma. Baridi ya nyuzi 3 ingepunguza madhara sana, kwa sababu kwenye baridi tunda linatoa gesi kidogo na ua nalo halisikii vizuri. Kwenye nyuzi 14, mlango umefungwa usiku kucha, maua yalisikia kila neno.

Na zile 400? Nilitafuta boksi zao kwenye takataka nikasoma lebo. Mkulima alikuwa ameyanywesha maua dawa yenye madini ya fedha mara baada ya kuyavuna, dawa ambayo wakulima wengi wa karnesheni huitumia. Fedha hiyo hupanda na maji hadi kwenye ua na kuziba masikio yake, ethilini ikipiga kelele hakuna anayeisikia. Boksi za zile 200 hazikuwa na neno lolote kuhusu dawa. Anayenunua karnesheni na aulize hili kabla ya kuuliza rangi.

Nilimweleza mpishi yote haya. Nikaongeza kwamba wakulima wa Chicago walipata balaa hilihili enzi za taa za gesi, mabomba yalipovuja karibu na nyumba za vioo na karnesheni zikafumba, hadi wanasayansi Crocker na Knight walipochapisha majaribio yao mwaka 1908 wakaonyesha kwamba ethilini iliyomo kwenye gesi hiyo, hata ikiwa kidogo sana, inatosha kulifunga ua.

"Mwaka 1908 mimi sikuwepo," akasema mpishi.

"Najua, kaka."

"Na karatasi yako imesema nisiguse. Nimegusa?"

"Hujagusa."

"Ndizi zimegusa?"

"Hazihitaji kugusa!"

Akamenya ndizi moja, akaila taratibu mbele yangu, akitazama maua ili aone kama yatafanya chochote. Hayakufanya. Akanyanyua mabega akaondoka na kreti zake, na lazima nikiri zilikuwa ndizi nzuri sana, za manjano safi, hazina doa.

Sasa hesabu. Vichwa 400 vinafunika mita 1.6, na kulabu za dari zilikuwa zimeshafungwa kwa mita 2.4. Kupunguza wingu kungeacha kulabu mbili zinaning'inia juu ya bibi harusi bila maelezo. Kutawanya karnesheni kungeonyesha waya. Kilichobaki ni haidrenja nyeupe 40, maua yenye vichwa vikubwa vya mviringo, zilizokuwa za mezani. Kichwa kimoja cha haidrenja kilichochanua kinafunika nafasi ya karnesheni 6 au 7, kwa hiyo 30 zingetosha kuziba pengo. Meza zikabaki na waridi na majani, na hakuna aliyeuliza. Meza za wageni hazitazamwi tena mara sahani zikifika.

Shida ya haidrenja ni tabia yake. Hunywa sana, na utomvu wake huziba kikonyo, ukiigeuzia mgongo tu imezimia. Kuipandisha darini, chini ya taa za joto, bila kuishibisha kwanza ni kutafuta aibu. Ila ina jambo moja jema: kile tunachokiita petali kwa kweli ni sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua kabla halijachanua, na hunyonya maji moja kwa moja. Kwa hiyo unaikata upya kwa mshazari, unachovya ncha ya kikonyo sentimita 2 kwenye unga wa shabu, kisha unaizamisha kichwa na vyote ndani ya maji baridi dakika 30 hadi 45. Kwa vichwa 30 unahitaji chombo kikubwa. Ndoo zote zilikuwa na karnesheni. Chombo kikubwa pekee katika jengo zima kilikuwa beseni la kuogea, ndani ya chumba cha kuvalia cha bibi harusi.

Haidrenja huelea. Watu wengi hawalijui hili mpaka siku wanapolazimika kuizamisha. Ukibonyeza hii, ile inaibuka. Ukiikandamiza ile, tatu zinachungulia upande wa pili. Mama wa bibi harusi alipofungua mlango alinikuta nimepiga magoti, mikono ndani ya maji hadi viwikoni, napigana na vichwa vyeupe 30 huku nikinong'ona, "Kaa chini, kaa chini."

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu haingoji mikono ikauke.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nayanywesha maji, mama."

"Mpaka yazame?"

"Yakizama ndiyo yanaamka."

Alinitazama kwa muda, akafunga mlango kwa upole mno. Nikamsikia akiwaambia wapambe nje, "Msiingie, fundi wa maua hayuko sawa." Msaidizi ndiye aliyeleta suluhisho: taulo mbili za kuogea zilizolowa, zinatandazwa juu ya vichwa, uzito wake unatosha kuvizamisha bila kuvikwaruza. Zilikuwa taulo nyeupe zenye majina ya maharusi kwa nyuzi za dhahabu. Mpambe mmoja alichungulia, akauliza kama anaweza kunawa uso, akaona majina ya maharusi yanaelea juu ya maji, akaamua uso wake ni safi.

Kupandisha kulikwenda haraka. Kila haidrenja ilivaa kichupa cha maji chenye kifuniko cha mpira, mililita 10 tu, za kuipooza baada ya kushiba. Kwenye wingu ua huning'inia kichwa chini, kwa hiyo kichupa nacho kinakaa mdomo chini, na kinachozuia maji yasimwagike ni mpira kubana kikonyo. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko tundu, kinavuja, na hapo unazungusha utepe unaonata mara mbili kabla ya kukiingiza. Vyote 30 vilizungushiwa. Ila mpira ukitumika mara nyingi hukauka na kupata ufa usioonekana mpaka maji yaanze kuutafuta.

Ufa huo ulikuwa juu ya kiti cha msimamizi wa bwana harusi. Tone la kwanza lilimpata katikati ya utosi alipokuwa anaanza hotuba. Akatazama juu, akaona maua tu, akaendelea. Tone la pili likampata aliposema neno "baraka," na nusu ya ukumbi ikasema amina. La tatu akalikwepa kwa kusogea kushoto, maikrofoni ikabaki kulia, na hotuba ikaendelea bila sauti kwa sentensi nzima. Meneja wa ukumbi akamtuma kijana akakague kiyoyozi. Kijana akapanda ngazi, akagongagonga kiyoyozi kilichokuwa kizima kabisa, akashuka akatangaza kimepona. Bahati yake, mililita 10 zilikuwa zimekwisha.

Zile karnesheni 200 nazo hazikutupwa. Ua lililolala bado lina petali zake, zaidi ya 40 kwa ua moja la aina iliyojaa. Unashika kikombe cha kijani kwa vidole viwili, unakipasua kwa kucha, unavuta, na petali zinatoka zote kwa mkupuo mmoja. Tena zile zilizojikunja zinafaa kumwagwa njiani kuliko petali bapa za waridi, kwa sababu hazigandi kwenye zulia na hazimtelezeshi mtu mwenye viatu virefu. Vikapu vya watoto vilijaa, njia ya maharusi ikajaa, na bado likabaki gunia.

Gunia hilo ndilo lililomleta mpishi mkuu tena, safari hii kwa unyenyekevu, na sinia kubwa tupu mkononi.

"Fundi, naomba petali kidogo nipambe ndizi."

"Haiwezekani, kaka. Maua haya yamepigwa dawa za wadudu ambazo hazikusudiwi kuliwa. Hayawekwi karibu na chakula."

Akafikiri, akaweka sinia chini.

"Kwa hiyo ndizi zangu zisikae na maua yako."

"Ndiyo."

"Na maua yako yasikae na ndizi zangu."

"Hasa."

"Sasa si ungeandika hivyo pale mlangoni?"