Apophis 2029: kutoka Mtwara tutazame upande gani?

Kila baada ya miezi michache tangazo lile lile linarudi kwenye makundi ya WhatsApp: jiwe kubwa la angani linakuja, NASA wamethibitisha, tuma kwa watu kumi. Siku hizi nalipima kwa swali moja: mtu aliyesimama Mtwara atazame upande gani, nyuzi ngapi juu, saa ngapi? Lisilojibu nalifuta.

Si ukali. Nyota ziko mbali mno, hivyo wa Mtwara na wa Mwanza wanaziona zimepangika vilevile. Asteroidi, yaani jiwe la angani kama hilo, inayopita karibu na Dunia ni jambo jingine: watu wawili walioachana kilomita mia kadhaa wanaweza kuiona mbele ya nyota tofauti. Ndiyo maana mfumo wa mtandaoni wa Horizons wa JPL, maabara ya NASA, ambao ni bure, hukuuliza ulipo. Kwa mjini kwetu weka nyuzi 10.3 kusini na 40.2 mashariki. Utapewa safu ndefu za namba, lakini za kushika ni mbili: uelekeo, unaohesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki, na kimo juu ya upeo wa macho. Kimo kikiwa na alama ya kutoa, jiwe bado liko chini ya upeo, nenda kalale. Saa zake ni za kimataifa (UT), nazo uziongeze tatu kupata zetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne keshasoma latitudo na tofauti za saa, sema kasomea mtihani tu.

Jiwe la kulifanyia mazoezi ni Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi. Liligunduliwa 2004, na Desemba ya mwaka huo uwezekano wa kutugonga 2029 ulifika asilimia 2.7. Vipimo vikaongezeka, hofu ikaisha. Rada za 2021 zikaondoa hatari kwa walau miaka 100. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 litapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, chini ya setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yetu, na Afrika tutaliona kwa macho matupu.

Redio zitatangaza saa ya kukaribia kabisa: saa saba kasorobo usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa saa zetu. Hapo ndipo watu watapotezwa. Saa hiyo litakuwa juu ya Atlantiki, huko magharibi. Kwetu linatokea upande wa Bahari ya Hindi, basi saa za maana ni za kabla ya hapo, tangu giza liingie.

Mbalamwezi haitakuwepo. Ila giza hilo wavuvi wa dagaa nao hulisubiri, na taa zao zikijipanga mbele ya Msimbati hatakosekana wa kupiga picha na kuandika "Apophis hiyo". Chagua nyota mbili jirani uone kama ya tatu inazisogelea. Ndege humetameta, setilaiti hukata anga kwa dakika chache. Hili litakwenda taratibu zaidi.

Kinachonitia shaka ni masika. Wingu likitanda Mtwara mjini, namba zetu hazitafaa kitu. Bora shule zigawane: moja Msimbati, moja Masasi, nyingine Nachingwea, na kila moja ije na hesabu za kwake.