Nyumba tupu za barabara ya 105

Kila alfajiri nikienda zamu napita barabara ya 105, kusini mwa Los Angeles, kutoka Norwalk kuelekea uwanja wa ndege. Miaka yote nilikuwa naiona barabara tu, mpaka nilipotazama Suburbia, filamu ya Penelope Spheeris ya mwaka 1983.

Ni filamu ya pesa kidogo. Mama huyu hakuhangaika sana na waigizaji wa kazi. Aliwachukua vijana wa panki wenyewe, wale wa muziki wa roki wa kelele, na wanamuziki wao. Yule mwenye panya ni Flea, mpiga besi wa Red Hot Chili Peppers. Uigizaji, tusidanganyane, kuna mahali ni kama mtoto anakariri shairi siku ya wazazi. Lakini sura zao hazidanganyi. Wametoroka makwao, mmoja kwa mama mlevi, mwingine kwa baba aliyemfanyia unyama, wanaishi kwenye nyumba zilizohamwa, na wamejichoma mwilini herufi T.R., "The Rejected", yaani waliokataliwa.

Nyumba zile hazikuwa za kuigiza. Serikali ilikuwa imenunua nyumba za watu ili ijenge hii 105, kesi ikasimamisha kazi mwaka 1972, na magari hayakupita mpaka 1993. Mitaa mizima ikabaki na mbwa. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa. Kwetu Tanzania nyumba ikipigwa X nyekundu ya kubomolewa kando ya Morogoro Road, mwenyewe anang'oa bati, milango, nondo, hata tofali. Mtoro atalala wapi?

Mimi nilitoroka nikiwa na miaka 13, baada ya bakora za baba, Tanga mpaka Korogwe kwa mama mdogo. Kufika stendi, mama mmoja muuza machungwa ananiuliza, "We mtoto wa nani?" Jioni baba alishajua nilipo. Nililia kwa hasira siku ile. Kutoroka kwetu ni kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hapa Marekani unaweza kutoroka ukafika mahali pasipo na mtu kabisa, na asiwepo wa kukuuliza.

Sasa wenzangu wa hapa wakisikia hivyo wanapiga makofi: "Ndiyo hivyo, Wazungu hawana undugu!" Taratibu. Kwenye filamu kuna wanaume wa mtaani waliojiunda kulinda nyumba zao, wana bunduki, wanawafuata watoto wale usiku. Nilipowaona nilisema, hawa nawajua. Miaka hiyohiyo ya 80 sungusungu walikuwa wanaanza Usukumani, kwa wezi wa ng'ombe, halafu wakaenea hadi mijini. Na yule mtoto anayelala stendi kwa kuwa hana mama mdogo Korogwe, sisi tunamwitaje? Kibaka. Akipigiwa yowe, muuza machungwa naye anaokota jiwe. Swali la "mtoto wa nani" linaulizwa mwenye jibu tu.

Mtoto wangu ana miaka 14 sasa, anajifungia chumbani na muziki wa kelele, na mimi mkali kama baba yangu, sikatai. Ndugu wa karibu tuliye naye ni mjomba wake, yuko Houston, safari ya siku mbili kwa gari. Nimeandika namba yake kwenye karatasi, nimeitia kwenye begi la shule, mfuko wa ndani.