Pesa ya sikukuu
Nimesoma makala inayosema watoto wafunzwe kupanga matumizi wangali wadogo, nakubali kabisa. Mwanangu Idi iliopita nilimpa elfu nane nikamwambia hizi za siku zote nne za sikukuu, hakuna nyengine, siku ya mosi tu kazimaliza zote kwa aiskrimu na pembea, ya pili analia na wallahi roho iliniuma nilitaka kumuongeza lakini nikajizuia. Idi hii kazigawa mwenyewe elfu mbili mbili, sijamwambia mimi! Na khasa sisi wa Pemba jamani, karafuu hazizai sawa kila mwaka, mwaka mzuri watu wanaoa wanajenga, zikikosa tunakopa mchele dukani. Watoto wanaookota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, waelezwe hilo pale pale wanapolipwa.