Hasheem Thabeet hakufeli, alichelewa kuanza

Kila Juni NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inapochagua vijana wapya, kuna orodha hufufuka mitandaoni: ya waliochaguliwa juu kabisa halafu wakaangukia pua. Jina la Mtanzania wetu halikosi humo. Mwaka 2009 Blake Griffin alitangulia kwenda Los Angeles Clippers, Hasheem akawa wa pili kwa Memphis Grizzlies, James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba. Ukilipanga jina lake katikati ya hayo, hukumu inajiandika yenyewe. Na huku nyumbani tumeipokea kama ilivyo, hata watu ambao hawajawahi kumtazama akicheza robo moja. Mimi siikubali, na si kwa sababu ya uzalendo.

Curry ni mtoto wa Dell Curry, mchezaji wa NBA, kakulia viwanjani. Hasheem alianza kucheza kikapu Dar es Salaam akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani tayari wana makocha binafsi. Akapata shule Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 chini ya kocha Jim Calhoun, akacheza misimu mitatu. Mwaka 2008 na 2009 alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, na mwaka huo wa pili akagawana tuzo ya mchezaji bora na DeJuan Blair. Timu ikafika nne bora ya vyuo vya Marekani. Tafuta video za wakati ule uone: mtu anaingia na mpira hadi karibu na goli, anamwona yule jamaa wa sentimita 221, anageuza na kurudi nao alikotoka.

Hapo kuna jambo ambalo watu hulipita. Kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya goli muda wote anaotaka. NBA hairuhusu. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu akizidisha sekunde tatu ndani ya lile eneo lililopakwa rangi, refa anapuliza: wapinzani wanapiga mtupo mmoja huru na mpira unabaki wao. Sasa fikiria senta, yaani mrefu wa chini ya goli, ambaye maisha yake yote mafupi ya kikapu yamejengwa juu ya kusubiri palepale. Inabidi atoke, arudi, atoke tena, na huko nje anakutana na vijana wepesi wanaompita kwa hatua moja. Kuisoma hesabu hiyo bila kufikiri ni kazi ya miaka, na yeye miaka hiyo hakuwa nayo.

Sitamtetea kwa kila kitu. Alikuwa mwembamba, akisukumwa anasogea. Faulo zilimwandama, na kwenye kufunga hakuwa na silaha zaidi ya kudanki, yaani kuusukumiza mpira golini kwa mkono kutoka juu. Memphis nao walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo, kwa hiyo dakika zilikuwa za kuokota. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Waandishi walisherehekea aibu hiyo. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston, kisha Portland, halafu akasaini Oklahoma City na kukaa misimu miwili hadi 2014. Jumla michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi (mipira iliyokosa goli anayoiokota) 2.7. Ni takwimu ndogo, sawa. Lakini hizo ndizo za mtu aliyedumu misimu mitano katika ligi ambayo baadhi ya wanaochaguliwa duru ya pili hawaionji hata mechi moja.

Kinachonikera zaidi ni tunavyoisimulia sehemu iliyofuata. Mwaka 2017 alisaini Yokohama B-Corsairs ya Japani. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona, akaenda Hsinchu, Taiwan. Mitandaoni hilo linaitwa kushuka. Mbwana Samatta alipotoka Aston Villa baada ya nusu msimu na bao moja la ligi, akaenda Uturuki, Ubelgiji, hadi PAOK ya Ugiriki, nani alisema kafeli? Tulisema anatafuta maisha, na tukaendelea kumpigia makofi. Kwa mchezaji wa kikapu tumeweka kipimo cha ajabu: NBA au si kitu. Wakati huko Asia nafasi za wageni kwa kila timu zinahesabika, na mchezaji wa kulipwa asiyezalisha haraka anafungashiwa virago. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani zinazotumika huko, pia hazina ile habari ya sekunde tatu kwa mlinzi, na mpira ukishagusa ringi unaruhusiwa kuupangua. Kwa mtu wa umbo lake, hiyo ni ofisi nzuri tu.

Tatizo lenyewe naliona ukimlinganisha na Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Mswahili mwenzetu kabisa. Aliondoka Kongo kijana wa miaka 16 hivi, akapitia Yemeni, akafika Hispania, na akiwa na miaka 18 anacheza ligi kuu na Fuenlabrada dhidi ya wanaume wenye familia. NBA ilimchagua wa saba mwaka 2011. Naye si mfungaji, wastani wake ni pointi tano hivi, lakini 2025 bado alikuwa NBA, na San Antonio. Tofauti naiona hapo: Biyombo alishalipwa mshahara wa kikapu na kupigwa viwiko na watu wazima kabla Marekani haijamwona. Hasheem alipitia shule, akakutana na watu wazima mara ya kwanza akiwa tayari amebebeshwa mzigo wa kuchaguliwa wa pili.

Njia hiyo ya Biyombo sasa iko karibu zaidi. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda, naye alianza kikapu kwa kuchelewa kidogo. Akaingia akademi ya NBA kule Senegali, akacheza BAL, ligi ya klabu za kikapu za Afrika, na Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegali 2023, City Oilers ya Kampala 2024. Ndipo akaenda Duke, mwaka mmoja tu, na 2025 akachaguliwa wa kumi.

Kwa hiyo kocha wa Dar mwenye kijana wa miaka 14 ambaye mtaani wameshaanza kumwita Hasheem kwa urefu wake, mimi ningemwomba asikimbilie viza. Klabu za hapa zipo: Savio wapo, Vijana wapo, JKT wapo. Amwombee nafasi ya benchi kwenye ligi ya mkoa, akabanwe na mabaunsa misimu miwili, ajifunze kuinama na kupiga mitupo huru. Wakala akija baada ya hapo, watazungumza vizuri zaidi.